Nimepata nafasi ya miaka mitatu ng'ambo, lakini nataka kuonja kwanza

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 20. Nilipomaliza sekondari niliomba kusoma shahada ya saikolojia katika chuo kikuu kimoja nchini Uholanzi, kozi ya miaka mitatu inayofundishwa kwa Kiingereza. Waombaji tulikuwa wengi kuliko nafasi, tukachujwa, na tarehe 15 Aprili nikapata ujumbe kwamba nimo. Masomo yanaanza Septemba. Nyumbani walishangilia kunishinda mimi mwenyewe.

Ada ya mwaka wa kwanza analipa mjomba, kaka yake mama. Ameahidi kuendelea kulipa nikifanya vizuri. Wazazi watabeba nauli na sehemu ya matumizi. Kwa hiyo tatizo langu si fedha, na ndiyo maana naona hata haya kulisema. Tatizo ni kwamba sijui kama nitaweza. Sijawahi kukaa mbali na nyumbani isipokuwa bweni la shule, na hata huko Jumapili mama alikuwa anakuja. Miaka mitatu naiona mirefu mno kuikubali kwa barua pepe.

Sasa nimegundua kuna kozi fupi mwezi Julai, ya wiki mbili, katika chuo kingine cha nchi hiyohiyo. Inaitwa utangulizi wa saikolojia, unalala kwenye mabweni yao, na mwisho unapewa cheti. Nikafikiri: niende, nione. Pakinifaa, Septemba narudi kwa moyo mmoja. Pasiponifaa, nasema mapema kabla mjomba hajamwaga fedha zake. Kozi ningeilipia mwenyewe kwa akiba niliyoipata kwa kufundisha watoto masomo ya ziada. Nikijumlisha nauli na viza, akiba inaisha yote.

Nilipomgusia mjomba, alicheka, halafu akanyamaza, kisha akasema, "Anayetanguliza mguu mmoja bado hajaamua kwenda." Baba anasema ni fedha ya kuchezea. Mama hajasema kitu, ila najua anamwaza binamu yangu, aliyekwenda kusoma nchi nyingine akarudi kabla mwaka haujaisha. Mpaka leo ukoo ukikusanyika wanamwita "Transiti". Anacheka nao, lakini siku hizi haji kwenye mikusanyiko.

Rafiki yangu naye ana yake. Kuna wakala amemwambia kwamba ukishaingia kwa viza ya kozi fupi, unaibadilisha hukohuko kuwa ya shahada, usihangaike na ubalozi mara mbili.

Mwalimu, niende Julai? Niombe chuo kinitunzie nafasi hadi mwakani? Au nifumbe macho tu niende Septemba?

Mguu Ndani, Mguu Nje

—

Marahaba, mwanangu. Hongera, na acha kuona haya. Kuwa na fedha za kwenda hakumfanyi mtu ajue kama atakaa.

Nianze na jibu lenyewe: Julai usiende. Wazo lako la kuonja ni zuri, na kuna watu ningewaambia waende hata kesho, nitawataja. Lakini kwako wewe, mwaka huu, na barua ya udahili tayari mkononi, kozi hiyo itakula akiba yako yote na haitajibu swali unaloniuliza.

Fikiria utakachokiona. Uholanzi mwezi Julai jua linazama karibu saa nne usiku. Watu wako nje, wamekaa kwenye ngazi za nyumba zao na kando ya mifereji. Wanafunzi wa pale wamekwenda likizo, wahadhiri wengi pia, na mabweni mtakayolala yana nafasi kwa sababu wenyewe hawapo. Darasani mtakuwa wageni watupu, kila mmoja akitafuta rafiki, kwa hiyo urafiki utapatikana siku ya kwanza kwenye foleni ya chai. Chumba umetafutiwa, ratiba umepangiwa, na jioni kuna matembezi. Utarudi umefurahi sana. Halafu Desemba ile miji ileile jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, unatoka kwenye mhadhara wa mwisho gizani, mvua inapiga kwa ubavu, na wenzako wa darasani kila mmoja ana watu wake aliokuja nao kutoka sekondari. Hiyo ndiyo Uholanzi utakayoishi, na Julai haiwezi kukuonyesha. Wapo pia waliokwenda kozi kama hizo wakakutana na bahati mbaya, chumba chenye kelele au mwalimu mkali, wakaitupa nchi nzima kwa sababu ya siku 14. Kwa vyovyote vile ushahidi utakaopata ni dhaifu.

Kwa upande wa masomo ni hivyohivyo. Vyuo vya Ulaya hupima kazi kwa krediti, na mwaka mmoja wa shahada ni krediti 60. Uholanzi wanahesabu krediti moja kuwa saa 28 za kazi, pamoja na kusoma mwenyewe, yaani saa 1,680 kwa mwaka. Hata ukisoma kutwa kwa wiki mbili, saa 80 ndizo hizo, nazo zitakwenda kwenye sehemu tamu: ndoto, kumbukumbu, kwa nini watu hudanganya. Kinachowatoa wanafunzi jasho katika shahada ya saikolojia ni takwimu na mbinu za utafiti, na hazisubiri mwaka wa tatu, zinaanza mwaka wa kwanza. Umeniambia mengi kuhusu mjomba lakini hukuniambia kama unapenda takwimu. Nina wasiwasi hujajiuliza.

Hilo la takwimu unaweza kulionja ukiwa kitandani kwako. Chuo Kikuu cha Amsterdam kina kozi ya misingi ya takwimu kwenye Coursera, jukwaa la masomo ya mtandaoni, iliyotengenezwa kwa wanafunzi wa sayansi ya jamii. Ifanye yote, usiruke mazoezi. Tena vyuo vingi vya Uholanzi vina utaratibu wa kumpa mwombaji ladha ya masomo kabla hajaanza, na mara nyingi hufanyika kwa mtandao: unasikiliza mhadhara, unapewa sura ya kitabu, unafanya jaribio. Waandikie chuo chako uwaulize. Ingia pia kwenye orodha ya kozi zao, iko wazi kwa kila mtu, usome kozi za mwaka wa kwanza mojamoja, uone zinapimwa vipi na zinatumia vitabu gani. Ukikuta maelezo ya kozi moja yanakuchosha, hilo ni kawaida. Yakikuchosha yote, hapo una habari kubwa kuliko yoyote utakayoipata Julai, na imepatikana bila nauli.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalisemi mpaka wakati umepita. Hiyo shahada ya miaka mitatu peke yake haikufanyi mtaalamu wa kutibu watu. Utahitaji shahada ya uzamili, na baada yake mafunzo ya kazi na usajili. Anayetaka kutibu watu hukohuko Uholanzi atahitaji Kiholanzi kizuri, kwa sababu wagonjwa hawatamsimulia huzuni zao kwa Kiingereza ili kumrahisishia. Kama ndoto yako ni kukaa na mtu anayeumia na kumsikiliza, basi safari yako ni ndefu kuliko miaka mitatu. Mjomba alijue hilo leo.

Sasa makaratasi, kwa ufupi. Kozi ya Julai utaiombea viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ile ya siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Shahada ina njia yake: chuo ndicho kinachokuombea ruhusa kwa idara ya uhamiaji ya Uholanzi, kisha wewe unakwenda ubalozini na paspoti kubandikiwa viza ya kuingilia. Paspoti unayo moja, na maombi yote mawili yataihitaji katika miezi ileile. Zaidi ya hapo, utakuwa unamwambia ofisa kwamba utarudi nyumbani mwisho wa Julai, huku faili lako jingine likisema unahamia Septemba. Yote ni kweli na unaweza kuyaeleza, lakini kwa nini ujipe kazi ya kuyaeleza? Ukinyimwa viza, taarifa hiyo hukaa kwenye mfumo wa viza wa Schengen hadi miaka 5, na nchi nyingi nyingine huuliza kwenye fomu zao kama umewahi kunyimwa.

Huyo wakala wa rafiki yako mkimbieni. Viza ya muda mfupi ya Schengen haigeuzwi kuwa kibali cha kusomea shahada kwa sababu tu umeshafika. Uingereza humruhusu mgeni wa kawaida kusoma hadi miezi 6 katika chuo kilichoidhinishwa, lakini hairuhusu abadilishe hapohapo kuwa mwanafunzi. Anatakiwa atoke, aombe upya. Kanada haidai kibali cha masomo kwa kozi isiyozidi miezi 6, ingawa viza ya kuingia unaweza kuihitaji. Marekani ndiyo inayonasa wengi: viza ya mgeni haikuruhusu kusoma kozi inayohesabika kwa krediti, hata kama ni ya wiki chache. Australia imefunga mlango wa wageni kuomba viza ya mwanafunzi wakiwa ndani tangu Julai 2024. Kila nchi ina sheria yake, na mtu anayekuuzia njia ya mkato kwa kawaida hatakuwepo siku unaporudishwa uwanjani.

Niliahidi kuwataja wale ambao ningewaambia waende. Wa kwanza ni yule ambaye bado hajaomba popote na hajui nchi gani, hasa kama nchi anayoifikiria inafundisha kwa lugha asiyoijua. Ujerumani, kwa mfano, vyuo vikuu vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo, lakini shahada nyingi za kwanza zinafundishwa kwa Kijerumani. Mtu huyo akienda miezi kadhaa kujifunza lugha hapohapo, hata akiikataa nchi amerudi na lugha. Wa pili ni yule anayewaza shahada ya uzamili na anataka kumjua mhadhiri fulani au maabara fulani kabla hajaomba. Wa tatu, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote, ni yule aliyekwisha kuanza chuo nyumbani na akapata nafasi ya kubadilishana wanafunzi. Mpango wa Erasmus ulianza mwaka 1987 kwa nchi za Ulaya, na siku hizi unafikia hata vyuo vya nje ya Ulaya vyenye makubaliano. Unakaa miezi 2 hadi 12, chuo kinachokupokea hakikutozi ada ya masomo, na krediti ukizipata zinahesabiwa nyumbani. Anayekwenda hivyo anakaa muhula wenye mitihani na baridi, na akirudi hana wa kumwita Transiti, kwa sababu kurudi kumo ndani ya mpango.

Hapo kwenye kurudi ndipo nimekaa muda mrefu na barua yako. Nimeisoma mara kadhaa na naona kinachokusumbua hasa ni kutokuwa na ruhusa ya kurudi. Umeona binamu yako alivyofanywa. Julai uliitafuta kwa sababu ni njia ya kurudi bila jina la utani: umemaliza kozi, una cheti, nani atakucheka? Lakini hata ungekwenda ukarudi unacheka, Septemba ungepanda ndege na hofu ileile, maana ruhusa hiyo ungekuwa bado hujaipata.

Basi iombe. Si kwa simu, wala mbele ya ukoo mzima. Nenda kwa mjomba siku ametulia, na mama akiwepo, umweleze jinsi mwaka wa kwanza wa Uholanzi unavyokwenda, maana nadhani hajui. Vyuo vya huko vina utaratibu wa kumchuja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwisho wa mwaka usipofikisha krediti zilizowekwa, mara nyingi zaidi ya 40 kati ya 60, unatakiwa kuiacha kozi hiyo na huwezi kuirudia pale kwa miaka kadhaa. Kudisko, kwa lugha ya wanachuo. Juu ya hapo idara ya uhamiaji inataka mwanafunzi wa kigeni apate angalau nusu ya krediti kila mwaka, la sivyo kibali chake cha ukaazi kiko hatarini. Kwa kawaida mwanafunzi anayejiondoa kabla ya tarehe 1 Februari haandikiwi ile hukumu ya kuachishwa kozi. Yaani wenyewe Waholanzi wanaujua mwaka wa kwanza kuwa ni wa kupima, na wameuwekea mlango wa kutokea. Thibitisha tarehe na idadi katika kanuni za kozi yako, kila chuo kina zake.

Mwambie mjomba hivi: "Naenda Septemba. Katikati ya Januari tuzungumze, wewe, mimi na mama, tukiwa na matokeo yangu mbele yetu. Nikisema siwezi, naomba nirudi kabla ya Februari bila kununiwa. Nikisema naweza, sitaliuliza swali hilo tena mwaka huo." Muulize pia, kabla hajalipa, chuo kinarudisha kiasi gani cha ada mwanafunzi akijiondoa katikati, na mpate jibu kwa maandishi. Wanaume wa aina ya mjomba wako, wanisamehe, husikia neno "kujaribu" wakadhani ni ulegevu. Ukimletea tarehe na kanuni anasikia mpango. Na ile kauli yake ya mguu mmoja usiibishie. Unakwenda kwa miguu yote miwili.

Kufikia Januari utakuwa umefanya mitihani ya kwanza, umeugua mafua mara moja peke yako, umegombana na mtu wa chumba cha jirani kuhusu masufuria, na umejua giza la saa kumi na nusu. Huo ndio mwonjo. Kuwa mwangalifu na alama, kwani Uholanzi wanasahihisha kwa 1 hadi 10, ya kufaulu ni 5.5 au 6, na 8 ni alama ya kujivunia. Kumi karibu haipo. Ukipata 6.5 usimpigie mama ukilia. Na ukiamua kurudi nyumbani, usipotee kimyakimya: chuo kina wajibu wa kuijulisha idara ya uhamiaji ukijiondoa, kibali kinafutwa, kwa hiyo funga hesabu zako za chumba na benki kwanza.

Kuhusu kutunziwa nafasi hadi mwakani, uliza, lakini usitegemee. Kozi zenye nafasi chache kama yako kwa kawaida hazihamishi nafasi ya mwaka huu kwenda mwaka ujao. Ukiiacha unaomba upya, na mwisho wa kuomba ni tarehe 15 Januari, na unachujwa tena na kundi jipya.

Akiba yako iache. Sehemu yake weka kama nauli ya kurudi, kwenye akaunti ambayo wewe mwenyewe ndiye unayeigusa. Mtu mwenye nauli yake mfukoni hukaa vizuri zaidi. Nyingine itakusaidia kwenye chumba, na hilo ndilo la kuhangaikia wiki hii badala ya Julai. Miji ya vyuo ya Uholanzi ina uhaba mkubwa wa vyumba, kiasi kwamba vyuo vyenyewe vimewahi kuwaambia wanafunzi wa kigeni wasije kama hawajapata pa kulala. Ukiona fomu ya makazi ya chuo, ijaze siku hiyohiyo. Usimtumie mtu fedha za chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hamjakiona, hata kama picha ni nzuri na mwenye nyumba anadai yuko safarini.

Na kabla hujaondoka mtafute binamu yako. Msikutane kwenye mkusanyiko, nendeni mahali wawili tu. Muulize ni mwezi gani alijua kwamba hatabaki, na nani alimwambia kwanza. Sidhani kama kuna mtu katika ukoo wenu amewahi kumuuliza.